Haki ya Lugembe ya Kutojibu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Shemeji Lugembe, kaka wa mke wangu Suzana, amekamatwa mnadani pamoja na ng'ombe mwekundu. Anatuhumiwa wizi! Ng'ombe ni wake. Alimweka kwa rafikiye Masolwa kule Choma, kama wafugaji wagawanyavyo mifugo yao itunzwe na marafiki. Alipokwenda kumchukua, Masolwa alikuwa safarini, na simu yake haipatikani hadi leo. Hofu yangu ni moja: Lugembe akiulizwa atajibu kwamba alimtoa zizini Masolwa hayupo — na polisi anayeandika maelezo ataishia hapo.

Nimeandaa barua ya malalamiko kuwa hakuelezwa haki zake. Suzana anasema nitachagua maneno mazuri mpaka kaka yake afungwe.

Jumanne, 10 Juni 2025
Barua imebaki mfukoni. Kituoni, Afande Apolinaria, binti wa rika la mwanetu, aliniamkia shikamoo, kisha akamsomea Lugembe: kosa analotuhumiwa; kwamba halazimiki kujibu maswali ya tuhuma; kwamba atakalosema laweza kutumika mahakamani; kwamba aweza kumwita ndugu au wakili. Nilivua kofia. Maneno ya sheria niliyojisomea peke yangu miaka mingi — leo yanatoka kinywani mwa Serikali!

Lugembe hakuelewa. Afande akaweka karatasi pembeni, akaanza upya kwa Kisukuma. Sikupata kudhani kuwa sheria huweza kunena lugha ya zizini.

Hata hivyo shemeji alikataa kunyamaza.
“Afande, sikulelewa hivyo. Mkubwa akikuuliza, unamjibu.”
“Humu ndani, kaka, kunyamaza si dharau. Ni haki yako.”

Alifikiri sana. Akaomba wakili. Nimempata mmoja wa mtaa wa Gongoni, atafika kesho.

Jumatano, 11 Juni 2025
Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo. Mlango wa chumba cha mahojiano u wazi. Wakili bado yuko mahakamani. Lugembe ananyamaza, na kila anyamazapo anaomba radhi. Askari wanacheka, wanamwita Bwana Samahani.

Ameingia mpelelezi mwenye mvi. Lugembe amesimama, ameamkia, ameitikiwa marahaba. Mzee amevuta kiti karibu. Anauliza kwa upole, kama baba mzazi:
“Ng'ombe ulimtoa wapi, mwanangu?”

Ee Mungu, kwa sauti kama hiyo! Shemeji ananitazama. Midomo yake imeanza kufunguka.

Afande Apolinaria, anayeandika maelezo, ameweka kalamu chini, amemgeukia shemeji: “Kaka, kumbuka, si dharau —”