Kila Nyumba Iwe na Mwanga Nje

Alhamisi, baada ya isha

Na huyu ndiye tuliyeambiwa amesoma! Katibu wetu wa kijiji kabandika tangazo ofisini: "Kuanzia leo kila nyumba iwe na mwanga nje mpaka saa nne usiku." Hakuandika taa. Kaandika mwanga, na mwanga kwetu ni mchawi anayecheza uchi usiku.

"Baba Somoe," mke wangu akaniambia, "sisi tumeshatimiza. Mama yako si analala barazani?"

Nimecheka mpaka nikakohoa, na mama ni wangu.

Kisa chenyewe ni mgeni wa wilaya atakayepita usiku kwenda Nangurukuru. Eti auone ujamaa unang'aa, naye yumo garini! Duka la kijiji halina mafuta ya taa wiki ya pili sasa, lakini hilo katibu hakulibandika. Labda gundi ilimwishia.

Magharibi nikatundika nje kandili kavu. Katibu akaja na daftari.

"Mzee, mbona haiwaki?"

"Ndugu Katibu, tangazo halikusema iwake."

Akaandika jina langu. Naogopa, sijifanyi shujaa. Mafuta yakija atanifuta kwenye orodha ya mgao.

Lakini nimebakiwa na nusu chupa, na binti yangu Somoe ana uchungu tangu alasiri. Mjukuu wangu azaliwe gizani ili mtu apite na gari? Nimeijaza kandili, nikaiingiza ndani.

Mkunga kaja kuichukua hapa mezani. Mstari huu nauandika gizani. Ukipanda juu ya wenzake, usomwe hivyo hivyo.