Pipa la Nthenya Kando ya Barabara ya Kalamba

Mama yetu Nthenya wa Mbithi, mwaka umetimia na wiki mbili juu yake tangu ulale kule Kitui, Jumapili ya pili ya Majilio, na usiamke tena. Tangazo hili limechelewa. Lilipaswa kutoka siku yenyewe ya kumbukumbu, na kwa kweli lilikuwa tayari. Mwanao wa kwanza, Ndeti, aliliandika huko kwake Sultan Hamud, ukurasa mzima, akakuita waridi lililochumwa na malaika. Wewe, uliyekuwa unanuna hata mtu akikuita madam! Tumelichana. Hili ni letu sote, na tunajua majirani watalisoma pamoja nawe. Wasome, maana wengi wao walikuwepo.

Ulikuwa mfupi, mwenye haraka, na mdomo wako haukuwa na breki. Ulivua viatu ukienda kanisani, ukavibeba mkononi hadi mlangoni, ndipo ukavivaa, eti vumbi la Kalamba halina haki ya kuingia kwa Bwana. Ulisuka kiondo huku ukigombeza, na kadiri ugomvi ulivyokuwa mkali ndivyo kiondo kilivyotoka kizuri. Hakuna aliyefika kwako bila kuulizwa kama amekula. Akisema amekula, ulimpakulia isyo, mahindi na maharagwe yako, hivyo hivyo.

Lakini jambo ulilojulikana kwalo kuliko yote ni pipa la bluu. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Majilio, ulilibiringisha hadi langoni, pale barabara ya kutoka sokoni inapopita, ukalijaza maji uliyochota kwenye mchanga wa mto kwa punda, ukayachuja kwa kitambaa cheupe. Juu ulifunika kipande cha bati na jiwe. Kikombe ulikifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya lango. Hadi siku ya Krismasi, yeyote aliyepita alikunywa, na pipa halikuruhusiwa kukauka.

Mchungaji alipokuuliza siku moja hiyo ni ibada ya aina gani, ulimjibu ukiwa umeshika kiuno. "Si ninyi mnatuambia Yesu anakuja? Sasa atapita wapi? Barabara ni hii moja tu. Na hii jua ya Kalamba, unataka nimpokee na wimbo peke yake?" Mchungaji alicheka, akanywa, akaenda zake.

Mwaka jana ulipougua, kitinda mimba wako, Mutindi, alikupeleka kwake Kitui, karibu na soko anakouza nguo za watoto. Nyumbani alibaki Baba peke yake na mgongo wake mbovu. Jumamosi ile, siku moja kabla hujatuacha, ulimshika Mutindi mkono ukamwuliza, "Pipa limejaa?"

"Limejaa, mwaitu, mama yangu," akakujibu.

Halikuwa limejaa. Lilikuwa limelazwa ubavu stoo, na kuku ametaga ndani yake. Mutindi alilijua hilo, kwa sababu Baba alikuwa amemwambia kwenye simu. Wewe ukasema, "Asante Mungu," ukafumba macho, na hayo yakawa maneno yako ya mwisho. Mutindi hakumwambia mtu. Aliuza nguo, alipika, alienda kanisani, na mwaka mzima alikula sahani moja na uongo ule. Alijiapia kwamba Majilio yakirudi atakaa langoni wiki zote nne, na pipa halitakauka hata saa moja.

Basi mwishoni mwa Novemba alifunga kibanda chake akaja Kalamba. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne ikakata, kwa hiyo ilibidi mchanga wa mto uchimbwe hadi kiunoni. Mutindi na punda walienda mara mbili kwa siku. Viganja vilimtoka malengelenge, naye hakulalamika, jambo ambalo kwa kweli si kawaida yake. Walikunywa watu wa bodaboda, walikunywa walimu waliokuwa wakirudi makwao, alikunywa Kalondu, yule mama mzee anayeuza makaa, ambaye watu wa sokoni humpisha mbali wasichafuliwe. Unakumbuka Kalondu alivyokuwa akinywa kwako? Kikombe cha kwanza wima, cha pili ameketi.

Ilipokaribia Jumapili ya pili, Ndeti akaja na lori la mahema, ya sherehe ya kumbukumbu yako na Krismasi kwa pamoja.

Mama, tusimwonee Ndeti. Alikupenda. Ila kwa miaka mingi amebeba aibu ambayo sisi wengine hatukuiona. Mutindi alipomwambia kwamba hukupenda kelele, alimjibu hivi: "Wewe hukuchekwa shuleni ukiitwa mtoto wa mchota maji. Mimi nilichekwa. Sasa niko na uwezo. Nataka mama akumbukwe kama mtu mkubwa, si kama mtu wa punda." Mutindi alikwenda kujaza pipa.

Siku yenyewe, Jumapili, Mutindi alilijaza pipa hadi ukingoni, akafunika bati, akaenda ibadani. Huko nyuma nyumba yako iligeuzwa kitu ambacho hata sasa kukiandika kunatuaibisha. Watu wazima walivaa kofia nyekundu za manyoya, katika joto lile la Desemba, jasho likiwatiririka hadi kidevuni. Mti wa miiba ulio mbele ya jiko ulipuliziwa povu la kopo ili uonekane umeangukiwa na theluji. Theluji, Kalamba! Kopo lilipobaki na povu kidogo, mtu mmoja akaona ni vyema alimalizie kwenye msalaba wa kaburi lako, akapigwa picha ameuegemea. Baba walimketisha meza kuu na kumvalisha fulana yenye uso wako. Fulana ilikuwa ndogo, na uso wako ulinyooshwa tumboni hadi ukawa huna macho.

Spika zilikuwa tatu. Mshereheshaji alitoka Kitui, na hakujua hata jina lako. Alikuita Nthambi mara mbili. Alikuwepo na mheshimiwa anayetafuta kiti, akaeleza kwa muda mrefu jinsi Yesu alivyozaliwa mahali pa chini ili sisi tupate barabara ya lami. Watu wakapiga makofi. Sisi pia tulipiga. Hilo ndilo linalotukera zaidi tukilikumbuka, kwamba mikono ilikuwa yetu.

Saa saba Mutindi alirudi kutoka ibadani. Kabla hajafika langoni alimkuta Kalondu ameketi chini kando ya barabara, kwenye kakivuli kembamba cha kichaka, mdomo wazi na ulimi mweupe kama umepakwa unga.

"Kalondu, una nini?"

"Ni dawa ya presha. Huwa nameza saa saba. Nimejaribu kumeza na mate, lakini mate nayo yameisha."

"Si ungekunywa pale kwetu? Nimejaza mimi mwenyewe asubuhi."

"Nimefika. Pipa haliko. Nikauliza, kijana mmoja akaniambia, susu, bibi yangu, hiyo drum ni ya wageni wa high table, zunguka nyuma ama urudi kesho." Kalondu alipangusa ulimi kwa kidole. "Hakunitukana. Alisema tu hivyo. Nikaona niende polepole."

Mutindi alikimbia nyumba ya jirani, akaleta kikombe cha maji, akamnywesha Kalondu hadi kidonge kikashuka. Kisha akaingia kwako. Langoni kikombe chako kilikuwa kikining'inia kwenye kamba, na chini yake alama ya duara mahali pipa lilipokuwa, udongo bado mbichi. Maji aliyoyachota walikuwa wameyamwaga pale pale.

Pipa alilikuta nyuma ya hema kubwa. Walikuwa wamelijaza barafu na soda juu. Alipoingiza mkono, chini ya soda kulikuwa na bia, nyingi, na hao waliokuwa wakizinyanyua kwa siri ni walewale waliokuwa mbele wakiitikia amina. Juu ya maji ya barafu vilielea vizibo, kipisi cha sigara na ubavu wa mbuzi ambao mtu alikuwa ameuguguna akautupa humo. Mutindi anasema hakukasirika kwanza. Aliona kinyaa tu, kile cha kumfanya mtu ateme mate. Halafu akafikiri, saa hizi, mwaka jana, nilikuwa nimeshamwambia mama limejaa. Basi akalisukuma pipa kwa mabega yote mawili.

Lilianguka kwa kishindo. Barafu na maji viliteremka chini ya hema, kati ya miguu ya wageni, na chupa moja ikabingirika taratibu hadi ikagonga kiatu cha mchungaji, ikatulia hapo.

"Krismasi imefurika!" mshereheshaji alipaza sauti. Hakuna aliyecheka.

Ndeti alikuja mbio. "Mutindi! Unaniaibisha mbele ya wageni namna hii? Siku ya mama?"

"Ya mama?" Mutindi alikuwa amelowa hadi magotini. "Kalondu yuko huko nje, kidonge kilimshika kooni, kwa sababu pipa la mama limewekwa bia. Sikiza, Ndeti. Mama aliniuliza kama pipa limejaa, nikamdanganya. Nilimwambia limejaa na lilikuwa na mayai ya kuku. Alikufa akiamini. Nilikuwa nimebakisha kitu kimoja tu cha kumfanyia, wiki nne peke yake, na wewe umenimwagia."

Spika zilikuwa bado zinalia, mpaka mtu akachomoa waya. Ndipo Baba aliponyanyuka meza kuu na fulana yake iliyombana, akapita katikati ya maji, akainama na mgongo wake ule, akaanza kulibiringisha pipa kuelekea langoni. Mutindi akashika upande wa pili. Hakuna mwingine aliyesaidia, mama, na tunaandika hili tukijua majina yetu yatafuata hapo chini. Mheshimiwa aliondoka. Wageni wengine walibaki wakala, na nyama haikusalia.

Ndeti aliondoka jioni ile bila kuaga. Maji ya nyumbani yote yalikuwa yameishia kwenye pilau, na maji mapya yangenuka bia, kwa hiyo siku tatu pipa lilikaa tupu, huku Mutindi akilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu, akalianika juani mdomo wazi. Harufu ya bia ilipungua lakini haikutoka. Akawa analisugua na kulia kwa hasira, kisha analinusa, kisha anaanza upya.

Alhamisi Ndeti alirudi na mkewe, Wariara. Nyuma ya pikapu kulikuwa na pipa jipya, lingali na karatasi yake ya nailoni. "Nimeleta lingine," akasema. "Kubwa kuliko lile."

"Hilo ni lako," Mutindi akamwambia. "Hili ni la mama."

Ndeti akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akatema mate kando.

"Linanuka," akasema.

"Eeh, linanuka. Sugua."

Alisugua hadi alasiri, na hakuna aliyemwonea huruma. Halafu, bila kutumwa, akamfunga punda madumu. Wariara alimfuata na kitambaa cheupe cha kuchujia. Tangu amalize shule Ndeti hakuwahi kukanyaga mchanga ule, lakini shimo lako alilipata bila kuuliza.

Jumapili ya tatu, kabla ya saa saba, Kalondu akapita na kidonge chake mkononi. Mutindi alikuwa ameketi langoni. Ndeti naye alikuwepo, nyuma kidogo, karibu na nguzo, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Kalondu alichota, akanywa wima, akameza kidonge. Akanusa kikombe.

"Kuna harufu," akasema.

Ndeti aliinamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Nimejaribu, haijaisha."

Kalondu alimtazama, akatazama pipa. "Itaisha. Umechota wewe?"

"Nimechota mimi."

Basi Kalondu akachota kikombe cha pili, akaketi chini.

Mama, tunawaomba watu wa Kalamba, wa Sultan Hamud na wa Kitui wanaotupenda wasitutafutie sherehe nyingine. Hakutakuwa na hema wala keki. Povu lile la kopo lilikauka msalabani likawa maganda, tukalikwangua kwa kisu. Kofia nyekundu tulizichoma, zikanuka nailoni kijiji kizima. Siku ya Krismasi tutakuwa langoni, na mpita njia ajue kwamba hahitaji kualikwa.

Tunaokukumbuka ni mumeo Mbithi, mwanao Mutindi, mkaza mwanao Wariara, dada yako Mbaluka wa Kitui, wajukuu zako Kilonzo na Cheryl, na Kalondu, ambaye hakuzaliwa kwetu ila tumemwomba akakubali. Ndeti ameomba jina lake liandikwe la mwisho, na hapa ndipo mahali pake. Maadamu barabara hii itakuwa na mtu wa kupita, jina lako halitatoka midomoni mwetu.

Mutindi ameomba mstari mmoja uwe wake peke yake. Ameangalia mwenyewe asubuhi hii kabla hatujautuma, akainua bati, akatumbukiza mkono hadi kiwikoni.

Limejaa, mwaitu.