Nadhiri Yangu ya Kunyamaza

Kensington, Johannesburg

Mjukuu wangu Furaha,

Nawasalimu wote hapo Kalemie. Huku tuko salama. Dada yangu, bibi aliyemzaa mama yako, bado anacheka kwamba nami ni bibi na ninavaa sare ya shule.

Umeniuliza kama unaweza kuivunja nadhiri uliyomwekea Mungu, ya kutokula mchana mpaka mama yako apone.

Nilipokuwa na umri wako niliweka nadhiri ya kunyamaza mpaka baba apate kazi. Kwa kuwa mimi si msemaji, siku mbili zilipita bila mtu kugundua. Siku ya tatu nilimsindikiza mama kliniki. Mama hajui Kiingereza wala Kizulu, mimi ndiye mkalimani wake. Nesi aliuliza swali, mama akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

“We mtoto, umemeza ulimi?” mama akaniuliza. “Mwambie ni mgongo unaniuma.”

Nikasema, kisha nikaenda kwa padri nikiogopa kwamba nimevunja nadhiri. Akanipa kitabu kuhusu mwanasheria wa Kanisa wa karne nyingi zilizopita. Nilishangaa kwamba mtu mzima, msomi, alikaa miaka akichunguza ahadi kama zetu. Aliandika kwamba nadhiri inayozuia jema kubwa zaidi haimfungi mtu. Mengine sijayaelewa mpaka leo, ila napenda jinsi alivyouliza kwanza nani anaumia.

Basi nami nakuuliza: mama yako anajisikiaje kitandani, akiona sahani yako haijaguswa?

Nijibu ukishakula.

Bibi yako mdogo,
Neema