Kaka Kwenye Ngazi

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekubali! Miaka miwili nanukuu rekodi za watu wanaofanyiwa hipnosisi, yaani kutulizwa akili kwa maneno mpaka wakumbuke ya zamani, na Daktari, mwanasaikolojia wetu, na sijawahi kukalia kiti chao. Daktari yuko safarini, msaidizi wake akanihesabia taratibu, kumi mpaka moja. Si usingizi hata kidogo — nilisikia mpaka feni. Akanirudisha hadi siku baba alipoanguka ngazini akafa. Nilikuwa na miaka tisa. Nikamwona kaka nyuma yake. Shati la bluu. Anamsukuma!

Kesho namwambia mama.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia mama. Hakulia. Alimpigia kaka simu, akamwambia asikanyage tena kwake. Kaka alidhani ni utani.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari amerudi. Nilipomweleza akanionyesha picha za ubongo kwenye kompyuta. Ukiona shati, sehemu hizi zinawaka. Ukiliwazia tu, nyingi ni zile zile. Hipnosisi haifungui stoo ya kumbukumbu, anasema. Inakupa uhakika, na uhakika si ushahidi. Halafu akauliza: mlirekodi?

Tulirekodi. Iko mezani kwangu, inangoja kunukuliwa. Naogopa kuigusa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenukuu. Dakika ya kumi na nne, msaidizi: "Nani yuko nyuma ya baba? Ni kaka?"

Mimi nilikuwa sijamtaja kaka!  Kisha sauti yangu, bila wasiwasi: "Ndiyo. Kaka."

Angekuwa mtu mwingine ningepiga mstari mwekundu pale pale: swali la kuongoza, linalompa mtu jibu mdomoni. Ndiyo kazi yangu! Nimejifungia chooni nikalia. Nimemharibia kaka yangu.

Jumanne, 11 Machi

Naandika jikoni kwa mama. Nimewasomea karatasi yote ya rekodi kule sebuleni, yeye na kaka — nilimwita mimi, na bado amesimama mlangoni na viatu vyake. Mama akasema mambo ya ubongo hayajui. Nimjibu kitu kimoja tu: nikifumba macho sasa hivi, naona nini?

Nikasema nakuja, nanywa maji.

Nimefumba mara tatu. Kaka yupo pale pale, mikono mbele. Najua si ushahidi. Najua! Lakini namwona.

Huko sebuleni kaka anamwambia mama asinibane, aningoje. Tangu utotoni, anasema, mdogo wangu hajawahi kunisingizia.