Kitabu Kinene cha Ikram

Mugumu, Jumapili

Mama Ikram,

Salaam. Sisi wazima. Mvua imewahi mwaka huu, na ile cherehani iliyokuwa ikikata uzi imetengemaa.

Kitabu ulichompa kondakta wa basi kilifika. Ikram aliupima unene wake kwa vidole, akakisukuma pembeni. "Baba, hiki ni kinene. Mama haji karibuni." Umemzoesha mwenyewe: kila ukituma kitabu unamwambia akikimaliza utarudi. Vile vyembamba alivimaliza vyote, na kila mara alikwenda stendi kungoja basi la Mwanza mpaka jioni.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nilikifumua, nikakishona upya vipande vipande, vyembamba kama daftari la shule, nikawa nampa kimoja kimoja. Ummy, mtoto alisoma! Alikuwa akinisomea kwa sauti huku nakata vitambaa, na wateja wakikaa kumsikiliza.

Sasa kimebaki kipande cha mwisho, naye hataki kukigusa. Amekificha chini ya mto. Nimembembeleza, nimemgombeza, mpaka juzi akaniambia, "Nikikimaliza halafu asije, nitangoja nini tena?"

Watu waliotoka huko wameniambia unaishi na nani. Sikuwauliza zaidi, na mtoto sijamwambia kitu.

Sikuombi urudi. Nakuomba usimtumie kitabu kingine.

Ni mimi,
Baba Ikram