Bolti Iliyokataa Kukatika

Jumatano, Kalamba. Jua la kukausha nguo na udongo pamoja. Moyo wangu uko vivyo hivyo.

Jana saa nne na dakika ishirini asubuhi nilipoteza giaboksi ya mashine yangu ya kukatakata matawi. Haikuchakaa. Ilipasuka mara moja, mlio kama jiwe limeangukia mabati, na trekta inayoizungusha ikazimika yenyewe.

Nimelia, nikanawa uso, nikachukua spana.

Kwa asiyejua: kwenye shafti inayotoka trekta kwenda kwa mashine kuna bolti moja laini. Imewekwa pale ili ife. Tawi gumu likikwama, bolti inakatika na giaboksi inapona. Bolti ni bei ya mandazi mawili. Giaboksi mpya ni mbuzi tisa, na mimi nina saba.

Kilichokwama ni tawi la ule mgunga wa kule mtoni, ambao Baba alikuwa akitundikia mizinga ya nyuki. Waya wa mzinga ulishamezwa na mti, ukakaa ndani kama mfupa. Visu viliukuta. Hapo simlaumu mtu. Baba akiufunga huo waya, mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Nilipaswa kukumbuka.

Lakini bolti ilipaswa kukatika. Nilipoitoa kwa nyundo, ilikuwa nzima. Kichwani imeandikwa 10.9.

Bolti zangu hazina namba yoyote. Zenye namba kama hiyo ni chuma kigumu, hazikatiki ovyo. Nikafungua mkebe wa majani ya chai ninamoziweka. Nilinunua ishirini na tano, mwezi uliopita tukatumia tisa, zikabaki kumi na sita. Nikahesabu: kumi na sita. Nikahesabu tena.

Wiki tatu hakuna bolti iliyotoka kwa mkebe. Na mimi, mwenye kuhesabu hata mayai ya kuku wa jirani, sikujiuliza. Nilifurahi tu.

Nilifanya vibaya zaidi ya kufurahi. Jumapili nilisimama kanisani, nikashika maikrofoni, nikashuhudia kwamba Bwana ameitengeneza mashine yangu, karibu wiki tatu bila bolti kukatika. Watu wakapiga makofi. Ndugu yangu Musyoka, anayeendesha trekta, alikuwa benchi la pili. Alisema "Amina" kumshinda mchungaji.

Leo asubuhi nilimwonyesha hiyo bolti.

"Musyoka, nani aliweka hii?"

"Kwani haifanani na zingine, Dada?"

"Hii ina namba."

"Hata ng'ombe wa mnadani ana namba."

Akaenda kuwapa kuku maji. Kuku nilikuwa nimeshawapa.

Acha niseme na yangu. Ile bolti ya tisa ilipokatika, nilimpigia kelele mbele ya akina mama waliokuja kuokota kuni. Nilimpigia hesabu: dakika ishirini na tano kubadilisha kila bolti, mara tisa, karibu saa nne tumekaa bure. Nikamwambia ingine ikikatika atarudi Ikutha kuchunga mbuzi. Mwanaume wa miaka arobaini na moja, baba wa watoto watatu. Akina mama walicheka. Mmoja akamuuliza kama fimbo anayo au atafutiwe.

Sasa naona Musyoka alijibu kwa bolti.

Mashine hii niliipata baada ya miaka sita ya kukata kuni kwa panga. Michungwa yangu ni mia moja na sitini, mwaka huu ndio ingezaa mara ya kwanza. Tumeshafunika udongo wa sabini na moja kwa vipande vya matawi. Themanini na tisa iko wazi, na mvua imeisha. Ukichomeka kidole kwenye udongo wa shinani leo, bado unasikia ubaridi. Kwa jua hili, naupa siku nane.

Fundi wa mjini Salama ana giaboksi iliyotumika, mbuzi watano. Jumatatu tungekuwa kazini. Lakini kwa simu aliniuliza swali moja: hiyo bolti ngumu imekaa siku ngapi, na matawi yamekwama mara ngapi? Kama imekaa wiki tatu ikikataa kukatika, kila kishindo kimerudi ndani ya trekta, lazima aifungue nyuma. Hiyo ni wiki mbili, na mbuzi wote waliobaki. Kama ni juzi tu, trekta iachwe. Akikisia vibaya, ama nimeikausha michungwa bure, ama nimeiua trekta pia.

Sijui. Huenda Musyoka aliiweka siku ile ya kelele; huenda alitanguliza laini, akaibadilisha juzi na kuirudisha mkebeni. Nimekaa na hesabu zangu zote na sijui.

Jumapili nitaomba maikrofoni tena. Nilishuhudia mbele ya watu, nitarekebisha mbele ya watu, na hiyo ya Ikutha nitaifuta hapo hapo.

Musyoka, najua unasoma ukurasa wangu huu, huwa wa kwanza kila mara. Sikuulizi kwa nini. Hiyo "kwa nini" naijua, ilitoka mdomoni mwangu. Nataka namba mbili: uliiweka siku gani, na tangu siku hiyo mashine imekwama mara ngapi.

Kesho saa mbili asubuhi napakia giaboksi kwenda Salama. Njoo kabla ya saa mbili. Usiniletee "nafikiri", na kuku nitakuwa nimewapa maji.

Namba mbili tu.