Madaftari ya Wazee wa Engare Nanyuki

Poli, 4 Machi 1999

Mwanangu Ruth,

Hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua. Wewe je? Na kazi?

Daftari la nne ndilo hilo, analileta jirani. Wazee wote kumi na tisa tuliohamishwa nao Engare Nanyuki na Waingereza mwaka 1951 wamekwisha kusema. Yale matatu uliyonirudishia baada ya kuyachapa yaliingiwa na mchwa. Kwa kuwa uliniambia kitu kikiingia kwenye kompyuta hakipotei, nimeyachoma. Pasaka tutawasomea wazee maneno yao.

Baba yako,
Naftali Sumari

Arusha, 11 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Mama apakwe dawa ya kuchua gotini.

Baba, una hakika umeyachoma yote?

Binti yako, Ruth

Poli, 15 Machi

Ruth,

Marahaba. Yote. Mbona unauliza?

Mzee Elinami ametutoka jana. Tunazika Alhamisi. Watoto wake wanaomba yasomwe aliyosimulia, jinsi mama yake alivyokataa kutoka nyumbani mpaka paa lilipowaka. Hawajawahi kuyasikia, mimi tu aliniambia. Chapa kurasa zake uje nazo.

Baba

Poli, 22 Machi

Ruth,

Je, u mgonjwa? Hukuja wala hukuandika. Nilisimama kaburini mikono mitupu, nikasema gari limeharibika njiani. Nimedanganya msibani, mimi mzee wa kanisa.

Baba

Arusha, 29 Machi

Shikamoo Baba,

Si mgonjwa. Gari halikuharibika. Nilifika njia panda ya Tengeru, nimevaa kanga ya msiba, nikageuza.

Tarehe tisa umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Kompyuta ilizima, haikuwaka tena. Fundi ameifungua, anasema diski ya ndani imekufa na vilivyomo vimekwenda nayo. Pudensiana wa ofisini kwetu hunakili kazi yake kwenye disketi mbili kila Ijumaa, moja huenda nayo nyumbani. Aliniambia, "Ruth, nakili." Nikamjibu nitafanya kesho. Miezi mitano, Baba, kila siku kesho.

Limebaki daftari la nne tu, na Mzee Elinami hayumo.

Ruth

Poli, Ijumaa Kuu, 2 Aprili

Ruth,

Marahaba. Nimesoma barua yako, kisha nikamsomea mama yako. Hakula.

Usitegemee niseme si neno. Ni neno. Na mimi nilichoma kabla ya kuona hata karatasi moja iliyochapwa. Hilo ni langu.

Katika wale kumi na tisa, walio hai sasa ni kumi na wawili. Tutawauliza upya, tuanze na Bibi Nosim, maana kifua chake hakinipi matumaini. Utaandika kwa mkono, nakala mbili, moja kwako na moja kwangu. Ukichapa, disketi itakaa kwa Pudensiana.

Lakini njoo kesho, kabla ya Pasaka; jirani anakuletea barua hii leo hii. Mjane wa Elinami bado anangoja kurasa zile. Nitakusindikiza mpaka mlangoni kwake. Ndani utaingia peke yako.

Baba yako